Kuni kwa Hela Sita

Korogwe, mwaka 1910

Machi 7, Jumatatu

Naanza kuandika katika daftari hili ambalo mume wangu Simeo alipewa bomani akaliacha bila kuligusa. Simeo ni karani wa bei katika soko la hapa Korogwe. Kila asubuhi huzunguka sokoni kuuliza mzigo wa kuni unauzwa kiasi gani, kapu la makaa kiasi gani, chupa ya mafuta ya taa kiasi gani. Jumamosi orodha inapelekwa bomani. Wakubwa wanataka kujua watu wa mjini wanatumia nini kupikia na kuwashia taa, maana tangu reli ifike hapa mji umejaa watu wasio na shamba wala kichaka cha kukatia kuni. Na bei inayoandikwa katika orodha ndiyo ambayo serikali inalipa kwa kuni za jiko la askari na la wafungwa.

Leo ni siku ya kumi Simeo yuko kitandani. Ni homa. Kwinini anaimeza, macho yamekuwa ya manjano, na miguu haimfikishi hata mlangoni. Karani akikosa orodha mbili anatolewa kazini, na moja amekwisha kuikosa. Jana jioni aliniambia, "Wewe unajua kuandika, Mama Paulina. Mimi na wewe tulifundishwa na mwalimu mmoja."

Ni kweli. Tulikaa chumba kimoja cha shule ya misheni kule milimani, yeye upande wa madirisha, mimi upande wa ukuta. Alikuwa akinigeuzia ubao wake nione alivyochora mbuzi badala ya kuandika hesabu. Nilicheka nikachapwa mimi. Leo ananiomba niwe yeye.

Tumepatana hivi: nitakwenda sokoni kama mnunuzi, nitaziweka bei kichwani, nitaziandika nyumbani, naye atatia sahihi.

Machi 8, Jumanne

Nimekwenda, na Paulina mgongoni. Ana mwaka mmoja na uzito kama wa gunia la chumvi.

Wauza kuni wanakaa upande wa mashariki, nyuma ya wauza mihogo. Wengi ni wanawake wa Kizigua kutoka ng'ambo ya mto Luvu. Wanavuka daraja la miti na kamba kabla jua halijatoka na wanafika na mizigo ambayo mwanamume angeigawa mara mbili. Mkubwa wao ni mama mmoja mrefu, mweusi, mwenye sauti kavu, anaitwa Mwaija. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Nikauliza mzigo ni kiasi gani, akasema hela tisa. Nikamwomba apunguze. Akasema kuni zake hazina masikio.

Nimerudi na hasira. Kwetu Mashewa kuni haziuzwi. Mama yangu alikuwa akitoka asubuhi na kurudi nazo kabla umande haujakauka, na jirani akikosa anachukua kwetu, siku nyingine sisi tunachukua kwake. Hakuna aliyewahi kuweka bei juu ya moto.

Kuni tisa. Makaa, kapu, ishirini na mbili. Mafuta ya taa kwa Mhindi, chupa, hela kumi na nane.

Machi 9

Kuni tisa. Simeo amekunywa uji nusu kikombe.

Machi 11, Ijumaa

Nimeona jambo sokoni. Asubuhi, kabla wanunuzi hawajawa wengi, alipita msimamizi wa soko, Mwinjuma, na askari wawili nyuma yake. Mwinjuma ni mtu nadhifu, kanzu yake haina doa hata siku za tope, na husalimia kila mtu kwa jina. Ndiye aliyemtafutia Simeo kazi hii, na nyumba tunayokaa ni yake. Nimemheshimu miaka yote miwili tuliyokaa hapa.

Alihesabu mizigo ishirini ya kuni, akasema, "Hii ya serikali," na akaweka hela sita mbele ya kila mzigo. Mwaija alizichukua hela, akazifunga katika kanga. Kijana wa kike aliyekaa karibu naye, binti yake Zamda, akaanza kufungua mdomo, mama yake akamkanyaga mguu.

Nilidhani nimehesabu vibaya. Lakini zilikuwa sita.

Machi 12, Jumamosi

Nimeandika orodha: kuni, hela tisa. Nimempelekea Simeo atie sahihi. Aliisoma, akanirudishia, akasema niandike sita.

Nikamwambia hakuna mtu anayeuza kwa sita. Akageukia ukutani. Mwishoni akaniambia yote, maneno yakitoka moja moja kwa sababu ya homa, au kwa sababu ya aibu. Mwezi wa Januari bei ilikuwa sita kweli. Ilipopanda, Mwinjuma alimwambia aiache pale pale, kwa kuwa serikali haipendi kusikia bei zimepanda. Baadaye Simeo akagundua kwamba majiko ya serikali yanahitaji mizigo kumi na miwili tu. Minane inayobaki Mwinjuma anaipeleka stesheni, ambako gari moshi linakula kuni mchana kutwa, na huko anauza kwa bei ya kweli.

"Na wewe anakupa nini?" nikamwuliza.

"Hajanipa kitu," akasema. "Hajaninyang'anya tu."

Nimeandika sita. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote, sijui kwa nini.

Machi 15

Kuni tisa. Makaa ishirini na mbili. Mvua ya kwanza, ndogo, ya kulaza vumbi.

Machi 19, Jumamosi

Nimeandika sita tena.

Machi 23, Jumatano

Mvua siku tatu. Kuni kumi na moja, na ni mbichi. Moshi umejaa mji mzima, watu wanatembea wakikohoa. Zamda, mzigo, kumi na moja. Mwaija, mzigo, kumi na moja. Leo niliuliza kwa nini wasikate upande huu wa mto, karibu. Mwaija alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni, na kwa kweli mimi ni mgeni. Akasema msitu wa upande huu umewekewa mawe meupe tangu mwaka jana na mzungu wa misitu, na anayekutwa na shoka ndani ya mawe anachapwa. Kwa hiyo wanakata mbali, huko nyuma ya mashamba ya mkonge, mwendo wa saa mbili kwenda na zaidi ya mbili kurudi.

Saa nne za kutembea, mto, daraja, na hela sita kwa Mwinjuma. Na mimi nilikuwa nimemwita Mwaija mwizi moyoni mwangu.

Machi 27, Pasaka

Nimekwenda kanisani peke yangu na mtoto. Tuliimba kwa Kishambaa wimbo tuliokuwa tukiimba milimani, na sauti za wanawake wa nyuma zilikuwa kama za mama zangu wadogo. Nilifumba macho nikaona ukungu wa asubuhi ukipanda kutoka bondeni na migomba yote ikidondosha maji. Nilipoyafumbua nilikuwa Korogwe, na bati la kanisa linavuja.

Simeo alikaa nje leo kwa muda. Amepungua hata pete ya ndoa inazunguka kidoleni.

Machi 30

Kuni kumi na mbili. Mafuta ya taa ishirini. Mhindi anasema shehena imechelewa Tanga. Tunalala mara giza likiingia, tunaokoa koroboi.

Aprili 2, Jumamosi

Sita. Niliposema sitaki kuandika, Simeo hakunilazimisha. Alisema tu kwamba nyumba ni ya Mwinjuma, kazi ni ya Mwinjuma, na yeye hawezi kusimama. Nikaandika. Lakini sasa ninapomtazama namwona mtu mwingine, mdogo, na yule mvulana wa mbuzi ubaoni nashindwa kumpata. Namwombea apone, na nikishamwombea nakaa mbali naye. Mungu anisamehe.

Aprili 6

Kuni kumi na tatu. Paulina ameota jino.

Aprili 9

Sita.

Aprili 13, Jumatano

Nitaandika polepole, nisiache kitu.

Mto ulikuwa umejaa tangu Jumatatu. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali na yalibeba migomba mizima. Jana wanawake wachache tu walivuka, na Mwinjuma akapata mizigo tisa badala ya ishirini. Nilikuwepo. Hakupaza sauti. Aliwaambia wauza kuni kwamba askari hawawezi kula mchele mbichi, na kwamba asiyeleta mzigo wa serikali kesho asije tena na mzigo wake wa kuuza, nafasi yake atapewa mwingine. Kisha akaulizia hali ya Simeo, akanipa ndizi mbili za mtoto. Nilizipokea.

Leo nilifika sokoni jua limekwisha kutoka, upande wa kuni hapakuwa na mtu. Wauza mihogo walikuwa wamesimama wote wakitazama njia ya mtoni. Nikaenda huko nikikimbia, Paulina akinipiga mgongoni.

Daraja lilikuwepo bado, lakini kamba ya upande mmoja ilikuwa imelegea na mbao za katikati zilikuwa zinaguswa na maji. Wanawake saba walikuwa wamevuka. Walikaa chini kwenye tope upande wetu, mizigo yao imetupwa ovyo. Mwaija alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, na wanaume wawili wamemshika mikono.

Mwanamke mmoja aliniambia. Zamda alikuwa wa mwisho. Walikuwa wamempigia kelele atupe mzigo, avuke mikono mitupu. Alikuwa ameufunga kichwani kwa kamba ya mgomba ili apate kushika kamba za daraja kwa mikono yote miwili. Daraja lilipoinama, mzigo ukamvuta. Hakulia. Walisikia mbao tu.

Wanaume walishuka na ukingo wakitafuta hadi mchana. Mimi nilikaa na Mwaija. Nilimwambia pole, akasema tumeshapoa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Aliniuliza kama mimi ndiye ninayeandika bei siku hizi.

Nikasema ndiyo.

"Nilijua," akasema. "Unauliza kila siku na hununui." Maji yalikuwa yanapita. "Ile sita unaiandika wewe?"

Nikasema ndiyo.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alitoa kanga yake ya begani, akaikamua maji, akaivaa tena, akaendelea kutazama mto.

Aprili 15, Ijumaa

Wamempata Zamda leo asubuhi, chini sana, kwenye matete. Wamemzika adhuhuri ng'ambo, kijijini kwao. Wanaume walikuwa wamekaza kamba za daraja, nikavuka. Niliogopa hata kutazama chini.

Wanawake wote waliokuja msibani walikuja na kuni. Ndiyo desturi yao, na kwetu pia ni hivyo hivyo. Mfiwa haendi kutafuta kuni. Kila aliyefika alishusha mzigo nyuma ya nyumba, akaingia ndani kulia. Nilikuwa nimenunua mzigo mmoja mjini, nikavuka nao kichwani. Lundo lilikuwa refu kuliko paa la banda. Nilisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nilitazama kuni bila kuuliza ni kiasi gani.

Mume wa Zamda anafanya kazi kwenye mkonge, Mazinde. Alifika na gari moshi baada ya maziko. Alikaa juu ya mzigo mmoja, viatu mkononi.

Aprili 16, Jumamosi

Nimeandika: kuni, mzigo, hela kumi na nne. Nimeongeza mstari chini: serikali imechukua mizigo ishirini kila siku kwa hela sita, bei ya sokoni haijawa sita tangu Januari.

Nilimpelekea Simeo nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno njiani, maneno makali, mengine nilikuwa nimeyahifadhi kwa wiki nzima. Alisoma mara mbili. Akaniomba nimsaidie kukaa. Akaushika mkono wa kuandikia kwa mkono wa pili, akaandika jina lake lote, Simeo Hiza, kubwa, kama mtoto anayejifunza.

"Tutatoka katika nyumba hii," akasema.

Nikasema najua.

"Basi anza kufunga vyombo vidogo."

Maneno yangu yote yakabaki kifuani bila kazi. Nimempikia uji wa maziwa, amemaliza kikombe.

Aprili 18, Jumatatu

Mwinjuma amekuja. Alikaa kwenye kigoda, akauliza hali, akamshika Paulina shavu. Kisha akasema amesikia kuna kosa dogo katika orodha, mwanamke ameandika kwa uchungu wa msiba, na karani mgonjwa ametia sahihi bila kusoma. Mtu akienda bomani kesho kusema hivyo, litakwisha. Alisema kwa upole, kama baba.

Simeo alimjibu kwamba alisoma.

Mwinjuma aliinuka, akapangusa kanzu. Alipofika mlangoni akatazama paa letu, nyasi ziko nzuri au zinavuja, kama mtu anayekagua kilicho chake.

Aprili 21, Alhamisi

Tumeitwa bomani. Simeo alikwenda kwa fimbo, akipumzika kila mti. Mwinjuma alikuwa amekwisha kufika.

Bwana mkubwa wa boma, Mjerumani, anasema Kiswahili kilichonyooka bila chumvi. Aliweka orodha za miezi yote mezani, akauliza kwa nini miandiko ni miwili. Nilisema mimi nimeandika tangu Machi, mume wangu alipougua. Mwinjuma akasema hayo ndiyo aliyokuwa anayahofia: mambo ya serikali yameandikwa na mwanamke wa jikoni, ambaye ana urafiki na wauza kuni.

Bwana mkubwa alimwita mpishi wake, mzee mmoja wa Tanga, akampa rupia moja, yaani hela mia, akamwambia aende sokoni anunue mzigo mmoja wa kuni na asiseme ni wa nani. Tulingoja tumesimama. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga, Simeo akijishikilia kwenye fimbo, na mimi nikitazama mkono wa Mwinjuma ukihesabu tasbihi.

Mpishi akarudi na mzigo na chenji, hela themanini na tano.

"Kumi na tano," bwana mkubwa akasema. Akamwuliza mpishi kama siku zote ni hivyo. Mzee akajibu kwamba kwa jiko la bwana mwenyewe amekuwa akinunua kwa tisa na zaidi tangu Februari, na ameandika kila siku katika daftari la jikoni, na bwana ametia sahihi kila mwezi.

Nadhani bwana mkubwa alikuwa anazikumbuka sahihi zake.

Amri zilikuwa tatu. Mwinjuma anaondolewa sokoni, atapelekwa Handeni kwa kazi nyingine. Serikali italipa kuni kwa bei ya soko, na itachukua mizigo kumi na miwili, si zaidi. Ya tatu ilikuwa ya Simeo. "Karani aliyeandika uongo miezi mitatu na ukweli wiki moja hawezi kuwa karani wangu," akasema. Aliposikia hayo, Simeo alisema tu ndiyo bwana. Hakusema kwamba uongo aliamriwa. Hakusema ukweli ni wa mkewe, wala uongo wa mwisho nao ni wa mkewe. Nilitaka kusema mimi, akanigusa kiwiko.

Tulirudi polepole. Kwenye mti wa tatu alikaa chini, akacheka kidogo, akasema angalau sasa anaweza kuugua bila haraka. Nikakaa karibu naye. Yule mvulana wa dirishani alikuwa pale, amekonda, ana ndevu.

Aprili 29

Sina sababu ya kwenda sokoni. Nimekwenda. Kuni kumi na tatu.

Mei 8, Jumapili

Karani mpya ni kijana kutoka Mombo, anaitwa Habakuki. Wanawake wa kuni wanampa bei bila kuulizwa. Anaandika mbio kama mtu anayenyeshewa. Mwaija amerudi. Tulisalimiana, nikamwamkia shikamoo, akaitikia akinitazama usoni. Alimchukua Paulina, akamweka juu ya mzigo, akamshika asianguke. Hatukuzungumza habari nyingine. Sidhani amenisamehe. Nadhani ameamua nikae karibu naye hata hivyo.

Mei 20

Watu wanasema alfajiri inaonekana nyota yenye mkia. Wengine wanasema ni vita, wengine ni njaa. Mafuta ya taa yameshuka, kumi na saba.

Mei 30, Jumatatu

Tumetoa vyombo. Havikujaza hata mkokoteni. Mvua imekwisha, barabara imekauka juu na ni laini chini.

Mashewa, Juni 12, Jumapili

Tulifika wiki iliyopita. Simeo anaweza kulima saa moja asubuhi, kisha anakaa chini ya migomba na kumwimbia mtoto. Mama yangu anampa maziwa na mboga chungu kila mlo na hamwulizi chochote cha Korogwe.

Siku ya kwanza niliamka nikasikia mama akivunja vijiti, nikalala tuli nikisikiliza. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeitamani sauti ile. Moto wa kwetu una harufu ya kuni za mshai na majani ya ndimu. Nikatoka, nikakaa, nikaota moto, na nilikuwa na furaha siku nzima.

Siku ya pili nilijikuta natazama njia, nikijiuliza Korogwe leo ni ngapi.

Juni 19, Jumapili

Jana tulikwenda kuokota kuni, mama na mimi. Nilimsimulia habari za soko. Alipokuwa anafunga mzigo wake akacheka, hakuamini kwamba kuna watu wanaonunua mti uliokufa. Nikamwambia habari za daraja. Akaacha kufunga.

Aliuliza, "Huyo binti alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilimwambia nitamsimulia tukifika nyumbani. Nyumbani nikafungua daftari hili nikamtafuta Zamda. Nimempata pale alipokanyagwa mguu na mama yake, na nimempata Machi 23: Zamda, mzigo, kumi na moja. Baada ya hapo yuko mtoni. Niliandika bei ya siku zote alizoishi mbele yangu, na yeye mwenyewe sikumwandika.

Kwa hiyo naandika sasa, nimekaa mlangoni, mwanga ungali mwingi.

Zamda alikuwa mfupi kuliko mama yake kwa kichwa kizima. Alikuwa na pengo la meno ya juu na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja, kisha akasahau, akakiondoa. Alipenda kutafuna mihogo mibichi. Siku moja nilipokuwa nahangaika kukumbuka bei tatu huku mtoto analia, alimfungua Paulina mgongoni mwangu bila kuniomba, akamfunga mgongoni mwake, akaendelea kuuza. Na Paulina akalala papo hapo, mkono mmoja ndani ya nywele zake. Alisema mumewe wa Mazinde atamchukua mvua zikiisha, na kwamba huko atapanda maharagwe mbele ya nyumba, ya maua mekundu, kwa sababu ya maua tu. Mama yake alimwambia maua hayaliwi. Zamda akasema ndiyo maana anayataka.

Kuni zake alizipanga vinene chini, vyembamba juu, na alizifunga mara mbili. Mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko ya wengine wote, na aliuza bei moja nao.

Mama ameniita nije kula. Nimemwambia nakuja, bado mstari mmoja. Alikuwa na sauti nzuri, na njiani kutoka mtoni, kabla hawajaingia mjini, yeye ndiye aliyekuwa akiimba.